Zamu ya Kwanza ya Maji

Naanza kwa jina la Mola aliyeteremsha maji kutoka mbinguni kwa kipimo, akayatuliza ardhini, na ambaye akitaka kuyaondoa ni muweza wa kuyaondoa. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, na jamaa zake, na masahaba zake waliokunywa kwa kupokezana chombo kimoja. Ama baada ya hayo: hadithi hii imepokewa kutoka kwa Mwana Zena binti Athmani wa Shimbwani, aliyeipokea kwa nyanya yake, aliyeipokea kwa mwanamke aliyesimama ukingoni siku hiyo, matope yakiwa yamemfika vifundoni. Atakayeongeza neno ataulizwa, na atakayepunguza ataulizwa pia.

Hapo zamani, katika bonde lililo chini ya Milima ya Uruvu, ulikuwako mji ulioitwa Shimbwani. Watu wake walikuwa wakulima wa mpunga na wasomi wa dini, wala hawakuona tofauti kubwa kati ya kazi hizo mbili, kwa kuwa zote zinataka kuinama. Maji yao yalitoka milimani kwa mfereji mmoja mrefu, uliochimbwa na mababu wa pande zote mbili. Mahali mfereji ulipoanzia palikuwa na lango la mbao, na lango hilo lilikuwa katika nchi ya mfalme wa milimani, Mwene Kirongo.

Mwaka mmoja Mwene alimtuma mjumbe Shimbwani, na wazee wa mji wakampokea wakiwa wamekaa. Hawakukusudia dharau; kwao, anayesimama ni mtumishi na anayekaa ni mwenyeji. Milimani, anayempokea mjumbe wa mfalme akiwa amekaa ni kama amemkalia mfalme mwenyewe. Mjumbe akarudi, akaeleza alichokiona, na lango likafungwa. Likafungwa msimu wa kwanza. Likafungwa msimu wa pili. Visima vya mji vilitosha kunywa na kutawadha, lakini mpunga haulimwi kwa ndoo.

Katika mji huo aliishi mwanamke mjane, Mwana Sitara binti Kombo. Alikuwa na shamba moja alilorithi kwa mama yake, nalo lilikuwa mwisho kabisa wa mfereji. Sheria ya Shimbwani ilisema kwamba shamba lisilopandwa misimu mitatu mfululizo hurudi mikononi mwa mji, na kadhi humpa mtu mwingine. Misimu miwili ilikuwa imepita. Huu ulikuwa wa tatu. Sitara alikuwa ameotesha miche kwenye kitalu kidogo, akiinywesha kwa kikombe, mche kwa mche, kwa maji aliyoyabeba kichwani kutoka kisimani. Miche ilikuwa inakaribia kimo cha kupandikizwa. Alijua kwamba ikishafika kimo hicho, kisha ikazidi siku nne kitalini, itageuka majani ya mbuzi.

Basi mji ukatangaziwa kwamba Mwene Kirongo anakuja kwa ziara ya siku tatu.

Aliyeiandaa ziara hiyo alikuwa Waziri wa Shimbwani, Mwinyi Fakihi, mzee mwenye ndevu nyeupe na subira ndefu. Aliandika barua saba. Zilipokosa majibu, alipanda milimani kwa miguu yake, akakaa siku arobaini kwenye kibanda cha wageni nje ya ua wa mfalme, mvua ikimnyeshea, hadi Mwene alipotoka kutazama ni mtu gani huyo asiyechoka. Aliporudi na ahadi ya ziara, wapo waliomshukuru na wapo waliocheka.

"Atakuja, atakula, atapunga mkono, ataondoka," alisema Sitara siku aliyosikia habari hizo. "Wakubwa hutembeleana kama tunavyokwenda kutazama harusi ya jirani. Kila mtu hurudi kwake na nguo zilezile."

Maandalizi yakamtia uchungu zaidi. Watu waliamriwa kuchota maji visimani wanyunyizie barabara, ili vumbi lisimpate mfalme. Kisha askari wakaja na makuti mabichi, wakayachomeka pande mbili za njia, moja baada ya jingine, mpaka yakawa ukuta wa kijani ulioyaficha mashamba yaliyopasuka.

"Bi Sitara, tupishe kidogo, tunapamba," alisema askari mmoja.

"Mnapamba au mnafukia?"

"Amri ya Waziri. Mgeni asione ukame."

"Mgeni ndiye aliyeufunga mfereji, mwanangu. Ukame huu ni wake. Mnamfichia mtu mali yake?"

Askari akacheka, kisha akakumbuka kazi yake, akachomeka kuti jingine.

Mwene Kirongo aliondoka kwake Jumamosi asubuhi, akafika Shimbwani Jumapili alasiri, amevaa joho jeupe, maana milimani joho jeupe ni nguo ya amani. Safari hii wazee wote walisimama. Walisimama hata magoti yakawatetemeka, kwa kuwa Waziri alikuwa amewafunza wiki nzima.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Waziri hakulijua, pamoja na siku zake arobaini za mvua. Adabu ya Shimbwani inakataza mwenyeji kumtajia mgeni haja yoyote kabla ya siku tatu kutimia. Hizo ni siku za kumkirimu, na anayemletea mgeni shida mezani amemuuzia chakula. Adabu ya milimani ni kinyume. Huko mgeni aliyealikwa hanywi maji ya mwenyeji mpaka aambiwe ameitiwa nini, kwa kuwa kunywa ni kukubali, na mtu mwenye akili hakubali asichokijua.

Kwa hiyo Jumatatu Mwene aliletewa maji katika kikombe cha shaba, akayatazama, hakuyanywa. Akanywa maziwa aliyokuja nayo kibuyuni. Akaimbiwa kaswida, akasomewa mashairi ya kumkaribisha beti tisini, akapewa hotuba ya urafiki wa mababu. Hakuna aliyetaja mfereji. Jumanne akaletewa maji tena, akayatazama tena, hakuyanywa. Akaonyeshwa msikiti mkubwa, akaonyeshwa makaburi ya masharifu, akalishwa pilau. Hakuna aliyetaja mfereji. Wenyeji wakaanza kunong'ona kwamba mfalme anawashuku kwa sumu. Watu wa mfalme wakaanza kunong'ona kwamba Shimbwani wamemwita mkuu wao ili kumchezea.

Jumanne jioni kibuyu cha maziwa kikaisha. Mwene akamwita mkalimani.

Mkalimani huyo aliitwa Mbaruku. Alizaliwa milimani, akashuka bondeni kijana, akaoa Shimbwani, akalima huko miaka ishirini. Hata hivyo jina lake halikuwemo katika zamu za maji, kwa sababu alikuwa wa kuja. Shamba lake lilikunywa masalio ya zamu za wengine. Alijua lugha zote mbili, na alijua adabu zote mbili.

"Waambie naondoka alfajiri," alisema Mwene kwa lugha yake. "Wameniita, wamenifungia midomo yao. Mara ya kwanza walimkalia mjumbe wangu. Sasa wamenikalia mimi kwa nyimbo."

Waziri akauliza kwa upole, "Asemaje mgeni wetu?"

Mbaruku akamwinamia Waziri. Kisha akasema, "Mfalme asema ameridhika mno, na kesho asubuhi angependa kutembezwa mashambani."

Akamgeukia Mwene. "Waziri asema: usiondoke. Sababu ya kukuita haisemeki kwa mdomo. Kesho asubuhi utaonyeshwa kwa macho, mashambani."

Maneno hayo hayakusemwa na mfalme, wala hayakusemwa na Waziri. Yalisemwa na Mbaruku, na shingo yake ilikuwa juu ya kila neno.

Jumatano asubuhi msafara ukaenda mashambani, kati ya kuta mbili za makuti. Mwene alitazama kulia, akaona makuti. Akatazama kushoto, akaona makuti. Uso wake ukaanza kukunjana. Upande wa pili wa makuti, Sitara alikuwa amechuchumaa kitalini na chungu chake, akimwagia kikombe mche mmoja, kikombe mche wa pili. Akasikia nyayo. Akajua kwamba huyo ndiye.

Sitara hakuwa mjinga wa mambo ya milimani. Kila mwaka, kwenye gulio la mpakani, alibadilishana mbegu na mwanamke wa huko aliyeitwa Namweru, mlinzi wa lango la mfereji. Namweru ndiye aliyewahi kumwambia, wakicheka juu ya vikapu vyao, "Shoga, ukimwalika mtu wa kwetu, mwambie shida yako kabla hujamwonyesha kikombe. La sivyo atakufa na kiu mbele yako, nawe utadhani ana kiburi."

Sitara akainuka. Akang'oa kuti la kwanza. Akang'oa la pili. Akang'oa mpaka pakawa na uwazi wa kupita ng'ombe, na mfalme akaiona ardhi ilivyopasuka hadi ukingo wa bonde.

"Mwana Sitara," alisema Waziri kwa sauti ya chini, "siku ya tatu haijatimia. Unatuvunjia ugeni."

"Nisamehe, Mwinyi. Miche hii haijui hesabu ya ugeni." Akamwelekea mfalme. "Mwene, umeitwa kwa sababu ya maji. Hilo tu. Nyimbo zote zile, maana yake ni maji. Tulimkosea mjumbe wako bila kujua, ukatufungia ukijua. Nisipopanda msimu huu, shamba la mama yangu si langu tena."

Mbaruku akatafsiri, na safari hii hakubadilisha hata pumzi.

Mwene akasogea hadi kitalini. Kisha akanyoosha mkono. "Nipe maji," alisema.

Ndani ya chungu kilibaki kikombe kimoja. Sitara akampa. Mwene akanywa mpaka tone la mwisho, akakipindua kikombe watu wakione. "Nimekunywa," alisema. "Lango na lifunguliwe." Palepale akamtuma mkimbiaji wake kwenda milimani.

Mkimbiaji hakuwa amefika mbali. Adhuhuri ilikuwa haijaadhiniwa, na watu walikuwa bado wanapeana mikono, ilipotokea kwenye mkunjo wa mfereji ncha ya maji, nyeusi kwa majani makavu, ikilamba ardhi kama ng'ombe anavyolamba chumvi.

Mji ukashangilia. Wapo waliosema kwamba neno la mfalme lilipaa. Wapo waliolia. Kadhi wa mji, Sheikh Abdurabi, akaharakisha hadi kwenye kigawanyio, mahali ambapo mfereji mmoja hugawanyika kuingia mashambani, akashika ubao wa kuelekezea maji. Desturi ilikuwa hivi: maji mapya yakija baada ya ukame, zamu ya kwanza, ya siku nne kamili, hupewa mtu aliyeyafanya maji yaje, na aliyewahi kuishika zamu ya kwanza huhesabiwa miongoni mwa wenye maji, yeye na kizazi chake. Wengine hungoja. Na miche ya mji mzima, yote iliyooteshwa wiki ileile moja, haikuwa na siku nne za kungoja.

"Ni Sitara," watu walisema. "Mpe Sitara. Yeye ndiye aliyesema."

Kadhi akamtazama. "Binti Kombo, watu wamekushuhudia. Nielekeze maji kwako?"

Hapo Sitara aliinama akayatazama maji yale, na moyo wake ukawa mzito. Alikuwa mkulima tangu utotoni. Alijua mwendo wa maji kama mtu anavyoujua mwendo wa jamaa yake. Mfereji ukiwa mkavu, maji hutembea siku tano kutoka langoni hadi mjini. Jumatano, Jumanne, Jumatatu, Jumapili, Jumamosi. Maji haya yalianza safari Jumamosi, siku ile mfalme alipoondoka kwake. Hayakufunguliwa kwa neno lake yeye Sitara, wala kwa neno la mfalme. Na kwenye matete ya mkunjo wa mfereji aliuona mpini wa reki umesimama peke yake, bila mtu. Mlinzi wa lango hutembea na ncha ya maji ya kwanza, akiyaondolea majani ili yasizibe. Sitara aliutambua mpini ule.

Akinyamaza, shamba la mama yake limesalimika. Akinyamaza, shoga yake amesalimika. Hakuna mwingine aliyekuwa akihesabu siku.

"Sheikh," alisema, "maji haya yana siku tano. Mimi nimesema leo."

Waliokuwa wakishangilia wakageuka kumtazama. Mbaruku akatafsiri kwa sauti ndogo. Mwene Kirongo akahesabu kwa vidole, kisha uso wake ukageuka. "Nani alifungua lango langu bila neno langu?"

Kisha matete yakatikisika, akatoka mwanamke mnene, matope hadi mapajani, reki mkononi. Akapiga goti.

"Namweru," alisema mfalme. "Nani alikuruhusu?"

"Ni wewe, Mwene. Nilikuona Jumamosi ukipita langoni umevaa joho jeupe. Nikasema, mfalme wangu haendi kwenye meza ya watu huku amewafungia mlango. Ama amesahau kunipa amri, ama anadhani nina akili ya kutosha. Nikafungua."

Baadhi ya watu wakacheka, hata mmoja wa walinzi wa mfalme. Mwene hakucheka. "Hukukosea kuhusu moyo wangu," alisema. "Lakini sheria yetu unaijua. Mkono uliotangulia neno hauchungi lango tena. Nimekuvua ulinzi. Maji na yaendelee. Neno limeshatoka kinywani mwangu, na nimekunywa."

"Nimesikia, Mwene," alisema Namweru, akaiweka reki chini. Kisha akamgeukia Sitara. "Shoga, nawe ulimi wako haukai?"

"Haukukaa," alisema Sitara. "Nisamehe. Nisingeweza kupanda mpunga juu ya sifa isiyo yangu."

"Ungeweza. Mpunga usingejua." Lakini alimshika mkono.

Basi kadhi akasema, "Kingo za mfereji ni kuukuu, maji hayatasubiri hapa kupita alasiri. Mwenye dai na aseme."

Waziri Mwinyi Fakihi akasema wa kwanza. "Sidai kwa ajili yangu. Nadai kwa ajili ya shamba la wakfu linalolisha mayatima. Mwanamke huyu alifungua kwa sababu aliona joho jeupe likipita. Nani alilipitisha? Watu walinicheka kwa barua saba. Bila ziara hakuna joho, bila joho hakuna lango. Haikuhitaji hata mfalme afike. Kutoka kwake tu kulitosha. Kama hilo si faida ya ziara, basi sijui faida ni nini."

"Na makuti je, Mwinyi?" aliuliza Sitara.

"Makuti nilikosea," alisema Waziri. "Andikeni na hilo."

Mbaruku akasema wa pili. "Jana jioni mfalme alitaka kuondoka alfajiri kwa hasira. Njia yake ya kurudi yapita kando ya mfereji. Angekutana na maji haya njiani, angeyarudisha kwa mkono wake, na Namweru angepoteza zaidi ya reki. Nilisema uongo pande mbili ili abaki. Ni kweli nilisema uongo. Sheikh anajua hukumu ya anayesema uongo ili kupatanisha. Miaka ishirini nakunywa masalio yenu. Nipeni zamu moja, ili wanangu wawe watu wa hapa."

Waziri akamtazama kwa mshangao, kwa maana ndiyo kwanza alijua alichokisema Jumanne. Mfalme naye, alipotafsiriwa na mkalimani huyohuyo, akatikisa kichwa taratibu. "Nilihisi kuwa Waziri hawezi kusema maneno mafupi kiasi kile," alisema.

Namweru akasema wa tatu. "Mimi nimelifungua lango kwa mikono hii, nimetembea na maji siku tano, nimeyatolea majani, sijalala vizuri. Sasa sina kazi, na milimani aliyevuliwa ulinzi hapewi shamba. Liko shamba hapa lililorudi kwa mji msimu uliopita. Nipeni hilo, na maji yangu mwenyewe. Wengine walisema. Mimi nilifungua."

Sitara akasema wa mwisho, akiwa bado ameushika mkono wa Namweru.

"Sikuyaleta maji. Lakini kama mfalme angeyaona yanafika kabla hajanywa, angeona ameibiwa, na mnajua angeamuru nini. Aliyaona baada ya kunywa, akayaacha. Neno langu halikulifungua lango. Lilizuia lisifungwe tena. Niliwacheka waliosema ziara itafaa. Sasa siwezi kucheka, wala siwezi kusema ni ziara iliyofaa. Siku mbili na nusu zilikuwa nyimbo, na nusu ya siku ilikuwa maji. Ninachojua ni kwamba miche yangu haina siku nne za kungoja, na hili ni shamba la mama."

Kadhi Sheikh Abdurabi alisoma vitabu vyote vya hukumu ya maji, na hakuna kilichozungumzia siku kama ile. Maji yakapanda nyuma ya ubao, shubiri moja, shubiri mbili. Ukingo ukaanza kutoa jasho. Kutoka msikiti mkubwa ikasikika adhana ya alasiri. Kadhi akasema, "Ewe Mola, nifahamishe," akauinua ubao, na maji yakaenda upande mmoja.

Hapo wapokezi wa hadithi wanaachana. Wa kwa Waziri wanasema yalikwenda huku, wa kwa Mbaruku wanasema yalikwenda kule, na wanawake wa gulio la mpakani wana kauli yao. Mwana Zena alipoulizwa, aliuliza naye kama ninavyowauliza ninyi mlioketi hapa. Waziri alimtoa mfalme kwake. Mkalimani alimzuia asirudi. Mlinzi alifungua bila amri na akalipa kwa kazi yake. Sitara alimnywesha mfalme, kisha akakataa sifa ingawa kukataa kulimgharimu shoga yake. Zamu ni moja, na mkono wa kadhi ni mmoja.

Je, nani alistahili?

Mola awape baraka mliosikiliza hadi mwisho. Awape wageni wasemao kilichowaleta na wenyeji wasemao wanachokitaka, na maji yenu yawafikie miche ikiwa ingali kijani. Amina.